Mhariri, kile kivuko sikukiunganisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na safari hii nipe kubwa kidogo. Kumtuhumu mtu kunatosha mistari sita, lakini kujibu kunataka nianzie mbali.

Jumapili mbili zilizopita mlichapisha kwenye ukurasa wa wasomaji picha niliyoipiga mbele ya dirisha la duka la dawa hapa Mwanza, kioo kikirudisha kilicho nyuma yangu. Kuna kivuko kinapita katikati ya chupa za dawa ya kikohozi. Kuna dada mwenye koti jeupe amenyoosha mkono kuteremsha boksi rafuni, na kivuko kinampita chini ya kiwiko bila yeye kushtuka. Juu ya kivuko kuna ziwa, juu ya ziwa vilima vya ng'ambo, na juu ya vilima, pale ambapo mtu angetegemea mawingu, kuna taa ndefu ya darini inawaka. Chini yake niliandika maneno manne tu: "Saa tatu asubuhi, Kamanga." Kamanga ni gati la vivuko hapa mjini.

Wiki iliyofuata msomaji mwenzangu wa Nyakato akaandika kwamba picha ile imetengenezwa na akili mnemba, au kwa uchache imeunganishwa kwenye kompyuta. Akatoa na ushahidi. Herufi za dirishani zimenyooka lakini jina la kivuko limekaa kinyume. Chupa zinaonekana kupitia ubavu wa chombo, kana kwamba chuma kimegeuka nailoni. Na yule dada ana mkono wa tatu. "Hizi mashine," aliandika, "hazijui kuhesabu viungo vya binadamu." Nanyi chini ya barua yake mkaweka mstari mmoja: tunafuatilia. Mhariri, hamkufuatilia. Namba yangu mnayo.

Mwanzoni nilicheka. Siku ya tatu nilikuwa Kirumba Mwaloni nanunua sato, kijana ninayemfahamu tangu anabebwa mgongoni akaniita mzee wa akili mnemba mbele ya wenzake, na wenzake wakacheka kabla sijajibu shikamoo yake. Nikaona hapana, hili halilali.

Mimi nimekula kwa brashi tangu mwaka 1989. Nilianzia hapo hapo Mwaloni, nikiandika majina ya mitumbwi. Mtumbwi ukivutwa nchi kavu kuzibwa, mwenyewe anakuja na jina lake kichwani, "Tabu Haina Adabu", "Mama Nitunzie", nawe unapiga uzi wa chaki, unapima herufi, unaomba korongo wasikanyage rangi kabla haijakauka. Fundi aliyenifundisha alikuwa mkali wa jambo moja. Hakukagua kazi kwenye mbao. Alingoja mtumbwi urudi majini, siku ambayo ziwa limetulia, akachuchumaa akasoma jina ndani ya maji, limepinduka, miguu juu. "Kwenye mbao jicho lako linakudanganya kwa sababu linajua kusoma," alikuwa anasema. "Kwenye maji haliwezi kusoma, linabaki kutazama." Na kweli, herufi iliyolala kidogo, S iliyovimba tumbo, vyote maji yalivisema. Mwalimu wa shule angesema taswira iliyoakisiwa. Sisi pale tulisema kivuli, na kivuli ndicho kilichotoa cheti.

Mtumbwi ulinipa ugali. Kioo kilinipa nyumba. Miaka ya tisini nikaingia mjini kuandika madirisha ya maduka: Mtaa wa Rufiji, Lumumba, Barabara ya Kenyatta, kote huko mkono wangu ulipita. Kuandika kioo ni kazi nyingine kabisa. Ukiandika kwa nje, mvua na kitambaa cha mfagizi vitakumaliza baada ya miezi sita. Kwa hiyo unaandika kwa ndani, kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, ili mpita njia aisome ikiwa imenyooka. Na si herufi tu zinazogeuka, hata mpangilio wa rangi unageuka. Kwenye mbao unaweka kwanza ya nyuma, unamalizia na ya juu. Kwenye kioo unaanza na kile kitakachoonekana juu kabisa: ule mstari mwembamba mweupe unaofanya herufi ing'ae. Kisha mwili wa herufi. Kisha kivuli chake. Ukisahau ule mstari mweupe, umesahau, maana hakuna nafasi ya kurudi. Mbele ya rangi yako kuna kioo. Nimewahi kurudia neno "JUMLA" mara tatu kwa ajili ya J moja.

Nayaeleza haya kwa sababu ndiyo jibu la hoja ya kwanza ya ndugu yangu wa Nyakato. Zile herufi zilizonyooka dirishani, DUKA LA DAWA, nyekundu yenye kivuli cheusi, ziko kwenye kioo chenyewe. Ziliandikwa zisomeke na mtu aliyesimama nje, nami nilikuwa nimesimama nje. Jina la kivuko halipo kwenye kioo. Lipo nyuma yangu, majini, nami naliona likiwa limerudishwa na kioo, na kitu kilichorudishwa na kioo hubadilisha kushoto na kulia. Asimame mbele ya kioo cha kinyozi akiwa amevaa fulana yenye maandishi, atapata jawabu kabla hajakaa kwenye kiti. Kama maandishi yote mawili yangenyooka, hapo ndipo angepaswa kuniita mwongo.

Nilichosahau kumwambia ni kwamba zile herufi niliziandika mimi. Mwaka 2004. Nitarudi hapo.

Kati ya dirisha na dirisha nilichora pia. Rangi za mafuta zile za kung'aa, za kupaka baiskeli, juu ya hadibodi, kwa mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam mwaka 1968. Yeye aliifanya miaka minne tu, akafa kwa risasi mwaka 1972, polisi wakiwa wamemdhania mtu mwingine. Sisi tulioiga tumeifanya miongo. Mgeni akija Mwanza alitaka Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani, jua linazama, mtumbwi mmoja, ndege watatu. Nilihesabu kwenye daftari la mauzo hadi mia nne na kumi na mbili, nikaacha kuhesabu. Sisemi kwamba zilikuwa mbaya. Nasema ile ya mia nne na kumi na mbili niliichora huku nasikiliza mpira redioni, na haikuwa na tofauti yoyote na ya kumi.

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango ya flekisi. Kijana anakaa kwenye kompyuta dakika ishirini, bango la mita tatu linatoka likiwa na picha ya kuku wa kukaanga anayetoa moshi. Kwenye vioo wakaleta stika. Sina ugomvi na hao vijana, wawili kati yao nimewafundisha herufi mimi mwenyewe. Lakini mwaka 2013 nilikaa wiki tatu bila kazi hata ya kuandika "HAPAUZWI" kwenye ukuta wa kiwanja, na wiki ya nne nikapata kazi ambayo sijawahi kuisimulia hadharani. Mwenye duka mmoja aliniita nikwangue herufi kwenye dirisha lake ili stika ipate pa kukaa. Herufi zenyewe zilikuwa zangu. Akanipa wembe na ndoo ya maji ya sabuni, na bei ya kukwangua ilikuwa kubwa kuliko ile niliyolipwa kuandika.

Nilianza na ule mwisho wa neno, kwa ndani, wembe umelala. Rangi ya mafuta ikishakaa miaka kumi haitoki unga, inatoka utepe, inajikunja kama ganda la kitunguu. Nilipomaliza nikatoka nje kutazama kama kuna alama iliyobaki. Na pale palipokuwa na herufi zangu pakawa na barabara. Bodaboda wanne, mwanamke na beseni la ndizi, ukuta wa duka la zamani la ng'ambo wenye mwaka wake umechongwa juu, na kati ya vyote hivyo, viatu vya kike vya dukani vimepangwa, vikaonekana kama vimewekwa barabarani vingoje mtu. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akatoka kuuliza kama nataka kuongezewa hela.

Sikuwa na kamera. Nilikuwa na simu ya kijana wangu, kioo kimepasuka kona, nikapiga. Picha ilikuwa mbovu. Lakini jioni niliitazama nikaona ina kitu ambacho Bismarck wangu mia nne hawakuwa nacho: sikujua kila kilichomo. Kwenye pembe kulikuwa na mtoto anayetazama moja kwa moja kwenye simu, sikumwona wakati napiga.

Basi ndivyo nilivyoingia. Mwaka uliofuata nikanunua kamera ya mtumba kwa mpiga picha wa harusi wa Mabatini, na lenzi moja ya milimita 50. Aliniongezea bure kichujio cha kuzungusha, kile wanachofunga mbele ya lenzi kuondoa mng'ao wa vioo na maji. Nilimcheka. Mtu anayetafuta mng'ao unampa dawa ya kuua mng'ao? Ila nimekuja kukitumia kila siku. Ukikaa upande wa kioo, si uso kwa uso, bali mahali ambapo jicho linakilenga kwa nyuzi kama 35 kutoka kwenye uso wake, ukakizungusha taratibu, barabara inayeyuka na duka linatokea. Zungusha tena, duka linazama na barabara inarudi. Ni kama kuchanganya rangi kwenye kibao. Wanaoniambia nimeacha uchoraji sijui wanadhani mkono wangu unafanya nini pale.

Sasa hoja ya pili, ya chuma kuwa nailoni. Kioo cha kawaida cha dukani, ukikitazama uso kwa uso, hurudisha kama asilimia 8 tu ya mwanga unaokipiga. Uliobaki unapita kwenda ndani. Kwa hiyo dirisha daima linakuonyesha vitu viwili kwa pamoja, kilicho ndani na kilicho nyuma yako, na kinachoshinda ni kile chenye mwanga zaidi. Usiku dukani kuna taa na nje giza: unaona duka tu. Mchana wa jua kali na duka giza: unajiona mwenyewe na barabara yako. Kati ya hapo ndipo penye kazi. Pale Kamanga madirisha yanatazama magharibi, upande wa ziwa. Saa tatu asubuhi jua liko nyuma ya jengo. Kioo kiko kivulini, lami iko kivulini, mimi niko kivulini, lakini kivuko kule majini kimepigwa jua usoni mwote. Ndani taa zinawaka na dada anafungua boksi za asubuhi. Vyote viwili vina nguvu karibu sawa. Kivuko kikaingia dukani na chupa zikaonekana kupitia ubavu wake. Ikifika saa saba hakuna picha pale: jua limeanza kukipiga kioo, unachoona ni vumbi na alama za vidole. Nimekwenda saa saba mara nyingi, kwa ubishi tu.

Na ukubwa pia aliushangaa, kivuko kizima urefu wa chupa tatu. Kiko mbali, ndugu yangu! Kioo hakikiwekei kivuko pale dirishani. Kinakiweka ndani kabisa ya duka, umbali ule ule kilioko nje. Ndiyo maana kamera ikikamata vumbi la kioo, kivuko kinakuwa ukungu, na ikikamata kivuko, vumbi linatoweka. Nilibana tundu la lenzi hadi namba 11, tundu dogo, vya karibu na vya mbali vionekane pamoja, ili wasigombane. Chupa za mbele bado zimelainika kidogo, kasoro ninayoikubali.

Mkono wa tatu ni wangu. Nilinyanyua kofia pembeni ya lenzi kuziba mng'ao wa gari jeupe lililoegeshwa nyuma. Aitafute tena picha, atazame ule mkono umefifia kuliko mingine miwili, na una saa yenye mkanda wa ngozi. Na kuna jambo ambalo hakuliona wala simlaumu: uso wa yule dada unaonekana vizuri kuliko kitu chochote mle ndani, na ukifuata mpaka wa pale panapoonekana vizuri utapata bega, shingo, na kichwa cha mwanamume mfupi. Ni mimi. Mwili wangu umeuzuia mwanga wa ziwa usifike kwenye kioo, na katika tundu la umbo langu duka limeachwa wazi. Nilimweka humo makusudi. Mkono wake aliunyoosha mwenyewe, ukatoka nje ya umbo langu ukaingia ziwani.

Binti yangu, ambaye anasoma pale Malimbe na ndiye anayenitafutia mambo kwenye simu, alinionyesha kwamba mchezo huu ni wa zamani. Paris, mwaka 1925, mzee mmoja aitwaye Eugène Atget, aliyewahi kuwa mwigizaji wa jukwaani, alisimamisha kamera ya mbao mbele ya duka la nguo za kiume. Midoli imevaa suti zenye vibandiko vya bei, na juu ya suti zimekaa nyumba na miti ya barabara ile. Alitumia bamba za kioo. Kompyuta gani mwaka 1925? Na sehemu ya kazi yake aliwauzia wachoraji, wachoree humo. Mwingine ni Saul Leiter wa Marekani, mzaliwa wa Pittsburgh, 1923. Baba yake alitaka awe mwalimu wa dini ya Kiyahudi. Yeye mwaka 1946 akaacha masomo akaenda New York kuwa mchoraji, akaishia kupiga madirisha yenye mvuke, theluji na watu waliogawanyika katikati na fremu. Mpaka anafariki mwaka 2013 brashi hakuiweka chini. Huyo nilipomwona nililala vizuri.

Nimefukuzwa pia, isidhaniwe kioo ni mali ya kila mtu. Mlinzi wa jengo moja kubwa la kati ya mji, lenye vioo vya buluu kutoka chini hadi juu, alinishika mkono akataka nifute kila kitu. Nikafuta. Najua yako maeneo ambayo sheria hairuhusu kupigwa picha, na hayo siyagusi, lakini lile halikuwa mojawapo. Tatizo lilikuwa kwamba mzee wa kofia amesimama nusu saa anatazama ukuta. Siku nyingine nikampelekea picha iliyochapwa, ya korongo wawili wanaopita kwenye ghorofa ya tatu. Akaitazama sana. Siku hizi ndiye anayenipigia simu, ananisalimia Kisukuma: "Mzee, mwangaluka, leo wameosha."

Nirudi kwenye lile linaloniuma, maana haya mengine ningeweza kuyaacha.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama, nilikuwa na miaka 26 na nilikuwa najulikana mjini kama mtu wa herufi. Wiki ile nilipewa kazi ambayo sikuipangia bei: kuandika majina kwenye mbao za makaburi. Igoma. Rangi nyeusi juu ya nyeupe, herufi inchi moja na nusu, kwa sababu kubwa zaidi ya hapo majina hayakutosha. Mengine waliniletea nusu, jina la kwanza peke yake. Niliandika mpaka brashi ikaota tambi. Na tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa, simu yangu ilipokea usiku ule picha ya meli iliyolala ubavu. Mama yangu mdogo, Mkerewe, aliichukua akakaa nayo mpaka alfajiri, anaikuza kwa vidole, anatafuta kanga ya mwanawe. Asubuhi tukaambiwa si meli yetu, ni ya nchi nyingine kabisa, mtu kaituma tu. Mwanawe alikuwa Nansio, hakupanda. Lakini ule usiku mama mdogo aliulala kwenye picha ya watu wengine.

Kwa hiyo mtu anapoandika gazetini kwamba mimi, katika mji huu, nimekaa nyumbani nikatengeneza chombo cha majini kwa mashine, nikakipitisha nilipotaka nipate sifa, ananiambia jambo zito kuliko anavyofahamu. Jiwe la Bismarck nimelichora likiwa na ndege ambao hawakuwepo. Hilo nakiri, ilikuwa biashara na kila mnunuzi alijua ni rangi. Kivuko chenye abiria siongezi hata kamba.

Kushuku, msomaji wa Nyakato ana haki. Nasema kwa moyo mweupe: siku hizi asiyeshuku ndiye mjinga, na mtu aliyehesabu mikono kwenye picha yangu ameitazama kwa muda mrefu kuliko wengi walioisifia. Ugomvi wangu ni na ule mstari wenu wa "tunafuatilia". Nimewatumia faili ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera, pamoja na nyingine kumi na nne za asubuhi hiyo hiyo, kuanzia kivuko kinaondoka gati mpaka kinatoka pembeni ya dirisha na kuingia kwenye fremu ya aluminiamu. Katika ya tisa yule dada ameshashusha mkono na anacheka, kwa sababu ameniona. Mkizipitia, naomba mseme mlichokuta, ukurasa ule ule, ukubwa ule ule wa herufi.

Kuhusu yale maandishi ya mwaka 2004: ndiyo madirisha pekee yenye mkono wangu ninayoyajua ambayo hayajapewa stika. Mwenye duka wa sasa aliyakuta, akayapenda, akaacha.  Kulikuwa na neno "BORA" chini, likakwanguliwa kabla yake na mtu mwenye wembe mbaya kuliko wangu, na mkwaruzo wake unaonekana juu ya maji, kushoto kwa kivuko, kama mawimbi. Wapo walioniuliza nimeyatengenezaje yale mawimbi.

Namwalika msomaji wa Nyakato. Jumamosi ya kwanza baada ya barua hii kutoka, saa mbili na nusu, nitakuwa pale upande wa juu wa barabara, kofia ya ukindu kichwani. Apande daladala ya kwenda mjini ashuke mapema, atembee kidogo, asubuhi hakuna joto. Nitamsimamisha kwenye alama niliposimama mimi: hatua nne kutoka kwenye kioo, mguu wa kulia kwenye ufa wa sakafu, bega la kushoto lirudi nyuma kidogo ili asijizibe. Aje na simu yake mwenyewe, kamera yangu sitaitoa begini. Kivuko kikichelewa tutakunywa chai kwa mama wa chapati aliye ng'ambo ya barabara. Huyo naye yumo kwenye picha, kona ya chini kushoto, kitenge cha njano, anageuza chapati juu ya boksi la panadol.

Mwandika mabango wa zamani,
Kirumba, Mwanza